Kazimir Malevich: Maisha ya Mchoraji wa Mraba Mweusi

Kazimir Malevich alizaliwa mwaka wa 1879 katika eneo la Kiev, nchini Ukraini, wakati ambapo nchi hiyo ilikuwa sehemu ya dola ya Urusi. Wazazi wake walikuwa Wapolandi, na baba yake alifanya kazi katika viwanda vya sukari. Kwa sababu hiyo familia ilihamahama kutoka kijiji kimoja hadi kingine. Nyumbani mtoto alizungumza Kipolandi, vijijini akasikia Kiukraini, na baadaye Kirusi kikawa lugha ya kazi yake na ya maandishi yake mengi. Wingi lugha wa namna hii hauwezi kumshangaza msomaji wa Afrika Mashariki. Walimu wake wa kwanza wa sanaa walikuwa wakulima waliopamba kuta na meko za nyumba zao kwa rangi. Malevich hakuwasahau maishani mwake.

Mnamo mwaka wa 1896 familia ilihamia Kursk, na kijana huyo akaajiriwa kuwa mchoraji wa ramani katika ofisi za shirika la reli. Ilikuwa kazi ya mshahara, wala haikumridhisha. Katika mwongo uliofuata alikwenda Moscow kujifunza uchoraji, na humo akapitia kila mtindo uliokuwa ukivuma Ulaya, akiuiga na kuuacha.

Mabadiliko makubwa yalitokea alipoanza kutangamana na washairi. Mwezi wa Desemba 1913 iliigizwa mjini St Petersburg opera iliyoitwa Ushindi dhidi ya Jua. Maneno yake yaliandikwa na Aleksei Kruchenykh, muziki ukatungwa na Mikhail Matyushin, naye Malevich akabuni mandhari ya jukwaa na maleba. Kruchenykh alikuwa miongoni mwa washairi waliotaka kulikomboa neno kutokana na maana yake ya kawaida, sauti ibaki ikijitegemea. Roman Jakobson, ambaye wanafunzi wa isimu wanamfahamu vyema, alikuwa kijana wakati huo na alifahamiana na Malevich na washairi hao. Suala lililowashughulisha lilikuwa moja: je, ni kitu gani kinachoifanya sanaa kuwa sanaa baada ya kuondolewa kile inachokisimulia?

Jibu la Malevich lilitokea Desemba 1915, katika maonyesho yaliyofanyika Petrograd kwa jina la 0,10. Alitundika michoro 39 isiyokuwa na mtu, mti wala nyumba, bali maumbo ya kijiometri tu. Mkabala huo aliuita Suprematizimu. Mchoro uliokuwa kitovu cha yote ulikuwa mraba mweusi juu ya mandharinyuma meupe, wenye upana wa sentimita 79.5 kila upande. Aliuweka juu kabisa penye pembe ya chumba, mahali ambapo Warusi wa madhehebu ya Othodoksi huweka picha takatifu. Alijua fika alichokuwa akifanya, na waliokasirika walikasirika kwa haki yao. Mwaka wa 1918 alikwenda mbali zaidi: akachora mraba mweupe juu ya weupe.

Baada ya Mapinduzi ya 1917, wasanii wa aina yake walikaribishwa na serikali mpya. Mwishoni mwa mwaka wa 1919 alikwenda kufundisha Vitebsk, katika shule iliyoanzishwa na Marc Chagall. Wanafunzi walimfuata mgeni huyu kwa wingi, wakaunda kundi lililoitwa UNOVIS na kushona mraba mweusi kwenye mikono ya mavazi yao. Chagall aliondoka mwaka wa 1920 akiwa na uchungu. Sura hii haimpambi Malevich. Alikuwa mwalimu asiyevumilia mtazamo mwingine kando ya wake.

Upepo uligeuka. Taasisi aliyoiongoza mjini Leningrad ilifungwa mwaka wa 1926. Mwaka uliofuata aliruhusiwa kusafiri hadi Warsaw na Berlin, ambako michoro yake ilionyeshwa. Alipoitwa arudi nyumbani ghafla, aliiacha huko takribani michoro 70 pamoja na maandishi yake, na waraka wa kueleza yafanyiwe nini endapo angekufa au kufungwa. Hofu hiyo haikuwa bure. Mwaka wa 1930 alikamatwa na polisi wa siri, akahojiwa kuhusu uhusiano wake na nchi za nje, na kuzuiliwa hadi Desemba. Uhalisia wa kijamaa ulipofanywa kuwa mkondo rasmi, kujali umbo kuliko maudhui kulihesabiwa kuwa kosa la kisiasa, kwa wachoraji na kwa wahakiki wa fasihi pia.

Hapo akarudi kuchora watu. Je, alisalimu amri? Ni vigumu kukubali hivyo. Wakulima wake wa miaka hiyo wengi hawana nyuso, na baadhi ya wahakiki wameihusisha michoro hiyo na mateso ya wakulima wa Ukraini chini ya Stalin. Katika taswira yake mwenyewe ya mwaka wa 1933, yenye mavazi ya kale kama ya Waitalia, hakuandika jina lake. Pembeni chini alitia mraba mdogo mweusi.

Alifariki kwa saratani tarehe 15 Mei 1935 mjini Leningrad. Gari lililobeba jeneza lilikuwa na mraba mweusi mbele. Majivu yake yalizikwa Nemchinovka, nje ya Moscow, chini ya mchemraba mweupe wenye mraba mweusi, na kaburi hilo likapotea wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Sehemu kubwa ya michoro iliyobaki Ujerumani ilinunuliwa na jumba la Stedelijk la Amsterdam mwaka wa 1958. Baada ya mvutano mrefu, warithi wake walirejeshewa mitano mwaka wa 2008. Mraba Mweusi wenyewe ulikaa bohari kwa miongo mingi. Sasa umo katika Jumba la Tretyakov, Moscow, rangi yake ikiwa imepasukapasuka. Mwaka wa 2015 watafiti wa jumba hilo waliupiga eksirei wakagundua kwamba chini ya weusi ule mna michoro mingine miwili, yenye rangi.