Mahatma Gandhi: Mtu Aliyesimama Kati ya Waislamu na Wahindu

Askari aliyepata kupangwa zamu katika vilima vya Bugendana, au katika njia za Gitega na Muyinga, anafahamu kwamba kupambana na adui aliyevuka mpaka si kazi ngumu kuliko zote. Iliyo ngumu zaidi ni kusimama kati ya majirani wawili ambao kila mmoja ana wafu wake wa kuwalilia na deni lake la zamani la kudai. Leo tunawaletea wasomaji wetu maisha ya mtu ambaye hakupata kufyatua risasi hata moja, lakini aliifanya kazi hiyo kwa nusu karne, na mwishowe ikamgharimu uhai wake. Huyo ni Mohandas Karamchand Gandhi, ambaye dunia humwita Mahatma, yaani mwenye roho kuu.

Gandhi alizaliwa tarehe 2 Oktoba 1869 katika mji wa Porbandar, pwani ya Gujarat, magharibi ya India. Yafaa hapa kutofautisha maneno mawili ambayo mara nyingi huchanganywa. Mhindi ni mtu wa nchi ya India, awe wa dini yoyote. Mhindu ni mfuasi wa dini ya Kihindu, ambaye watu wa pwani yetu humwita Baniani. Gandhi alikuwa Mhindi na Mhindu. Baba yake alikuwa waziri mkuu wa dola ndogo ya mahali hapo, na Waislamu walikuwa miongoni mwa marafiki waliozoea kufika nyumbani kwake na kuzungumzia dini zao bila ugomvi. Mwaka 1888 kijana huyo alikwenda London kusomea sheria, akarejea kwao mwaka 1891 akiwa wakili asiyepata wateja.

Aliyempa kazi alikuwa Mwislamu. Mwaka 1893 kampuni ya Dada Abdulla, tajiri wa Porbandar aliyefanya biashara Afrika Kusini, ilimwajiri Gandhi kusaidia katika kesi. Safari ilimpitisha katika bandari zetu. Meli ilitia nanga Lamu, ikafika Mombasa, kisha Zanzibar, ambako alikaa siku kadhaa akingoja chombo kingine cha kumpeleka Natal. Kesi yenyewe ilikuwa baina ya Dada Abdulla na jamaa yake mwenyewe. Wakili huyo kijana aliona kwamba ndugu hao wangefilisika wote kwa gharama za mahakama, akawashawishi wakubali mpatanishi. Kwa hiyo upatanishi wa kwanza wa Gandhi ulikuwa kati ya Mwislamu na Mwislamu.

Alikaa Afrika Kusini zaidi ya miaka 20, akiwatetea Wahindi dhidi ya sheria za ubaguzi. Mwezi Januari 1897 kundi la Wazungu wa Durban lilimshambulia kwa mawe na mateke barabarani. Aliyemkinga ni mke wa mkuu wa polisi wa mji, na usiku ule mkuu huyo wa polisi, Alexander, alimtorosha kwa kumvika sare ya konstebo wa Kihindi. Gandhi alipotakiwa awashitaki waliompiga, alikataa. Katika vita vya mwaka 1899 aliunda kikosi cha Wahindi 1,100 cha kubeba majeruhi. Mwaka 1906 alikuwa tena na kikosi kidogo cha machela wakati Waingereza walipoyazima maasi ya Bambatha, na huko wagonjwa wake wengi walikuwa Wazulu waliopigwa viboko.

Tusimfanye malaika. Katika maandishi yake ya miaka hiyo ya kwanza aliwatenga Wahindi na Waafrika, akatumia maneno ya dharau juu ya Waafrika ambayo leo yanasomwa kwa uchungu. Mapambano yake yalikuwa ya Wahindi peke yao. Hata hivyo, ndani ya jamii hiyo alijifunza jambo lililomwongoza baadaye. Tarehe 11 Septemba 1906, katika mkutano wa Johannesburg, mzee wa Kiislamu Haji Habib ndiye aliyependekeza kwamba watu waape kwa jina la Mungu kutoitii sheria mbaya, na Wahindu wakaapa pamoja naye. Mwaka 1908 hati za utambulisho zilichomwa moto mbele ya Msikiti wa Hamidia, Waislamu na Wahindu wakiwa bega kwa bega. Mwaka huo huo Mpathani mmoja, Mir Alam, alimpiga Gandhi hadi kuzimia, akimtuhumu kwamba amewasaliti watu wake kwa kupatana na serikali. Gandhi alikuwa na kila sababu ya kusema kwamba Waislamu wamemdhulumu. Alichosema ni kwamba mtu mmoja amekosea, na hakutaka ashitakiwe.

Aliporudi India mwaka 1915 alikuta ugomvi mkubwa kuliko wa Afrika Kusini. Mwislamu humwabudu Mungu mmoja asiye na sura. Mhindu huutukuza uungu kwa sanamu nyingi. Mwislamu huchinja ng'ombe katika sikukuu yake. Kwa Mhindu ng'ombe ni mtakatifu. Watu wa nchi za Maziwa Makuu, ambao tangu zamani wamempa ng'ombe heshima, hawatashangaa kwamba damu ya mnyama huyo iliweza kuwasha mji mzima. Maandamano ya Wahindu yenye ngoma na tarumbeta yakipita mbele ya msikiti wakati wa sala, mawe yalirushwa.

Juu ya hayo kulikuwa na madeni ya historia. Wahindu walikumbuka jinsi Mahmud wa Ghazni alivyobomoa hekalu la Somnath karibu na mwaka 1026, na jinsi mfalme Aurangzeb alivyorudisha kodi ya jizya kwa wasio Waislamu mwaka 1679. Waislamu nao walikumbuka kwamba walikuwa watawala wa Delhi mpaka Waingereza walipoizima dola yao baada ya maasi ya mwaka 1857. Sasa walihofu kwamba, wakiwa wachache katika nchi itakayotawaliwa kwa kura, wangekuwa watumwa wa walio wengi. Mwaka 1909 serikali ya kikoloni iliwatenga Waislamu katika orodha yao ya wapiga kura, na tangu hapo mwanasiasa aliweza kupata kiti bila kuomba hata kura moja ya jirani wa dini nyingine.

Gandhi hakusema kwamba kumbukumbu hizo ni za uongo. Alikataa jambo moja tu, nalo ni kwamba dhuluma iliyotendwa na babu wa mtu inaweza kulipwa kwa damu ya mjukuu. Kuanzia mwaka 1919 aliwaunga mkono Waislamu waliotetea ukhalifa wa Uturuki, na kwa muda dini hizo mbili zilitembea pamoja dhidi ya ukoloni. Lakini mwezi Februari 1922 umati wa waandamanaji katika kijiji cha Chauri Chaura ulichoma kituo cha polisi na kuwaua askari zaidi ya 20 waliokuwamo. Askari hao walikuwa watumishi wa mkoloni, na wengi wangesema wamestahili. Gandhi aliwahesabu kuwa watoto wa India kama waliowaua, akasimamisha harakati za nchi nzima, ingawa wenzake walimlaumu kwa kuutupa ushindi. Mwezi uliofuata alifungwa gerezani. Alipotoka mwaka 1924 alikuta fujo za kidini zimeenea. Akafunga kula kwa siku 21 mjini Delhi, akianzia ndani ya nyumba ya kiongozi wa Kiislamu, Muhammad Ali.

Hayo yote hayakutosha. Lugha yake ya siasa ilijaa sala na mifano ya Kihindu, na Waislamu wengi walianza kuamini kwamba uhuru alioutaka ungekuwa uhuru wa Wahindu. Mwaka 1940 chama cha Muslim League, kikiongozwa na Muhammad Ali Jinnah, kilidai nchi za Waislamu zinazojitawala. Upande wa pili, Wahindu wenye msimamo mkali walimwona Gandhi kuwa msaliti anayewabembeleza Waislamu. Mtu asimamaye katikati hupigwa kutoka pande zote mbili.

Tarehe 16 Agosti 1946 mauaji yalianza Calcutta, na kwa siku chache watu wapatao 4,000 au zaidi wakafa, Waislamu na Wahindu. Mwezi Oktoba Wahindu wa Noakhali, ambao walikuwa wachache huko, waliuawa na wengine kulazimishwa kubadili dini. Mara tu habari zilipofika Bihar, Wahindu wa huko, ambao walikuwa wengi, wakawachinja Waislamu kwa kisasi. Maelfu walikufa kwa kosa lililotendwa na watu wasiowajua, katika jimbo wasilopata kulifikia.

Gandhi alikuwa na umri wa miaka 77. Alikwenda Noakhali, akapita katika vijiji zaidi ya 40 kwa miguu, mara nyingi pekupeku, akilala katika nyumba za Waislamu na kuwataka wawarudishe majirani zao. Kisha mwezi Machi 1947 akaenda Bihar kuwakemea Wahindu wenzake. Huo ndio uliokuwa mwendo wake: popote alipofika aliuliza ni nani aliye mchache na mwenye hofu, akasimama upande wake, bila kujali dini yake wala wazee wake walitenda nini.

Mwezi Agosti 1947 India iligawanywa, Pakistan ikazaliwa. Watu zaidi ya milioni 10 walihama, na waliouawa wanakadiriwa kuwa kati ya laki 2 na milioni 1, wengine husema zaidi. Askari na asome kwa makini yaliyotokea katika pande mbili za nchi. Jimbo la Punjab lilipewa kikosi maalumu cha mpakani, ambacho idadi yake ilitajwa kuwa askari 55,000. Kilivunjwa baada ya mwezi mmoja, kwa kuwa kilikuwa kidogo mno kwa eneo lake, na askari wake wenyewe, Waislamu, Wahindu na Masingasinga, walianza kugawanyika kama raia waliopaswa kuwalinda. Calcutta, mji ulioogopwa kuliko yote, ilikuwa na Gandhi. Alihamia katika nyumba moja ya Beliaghata pamoja na Suhrawardy, aliyekuwa kiongozi Mwislamu wa serikali ya Bengal, ambaye Wahindu walimchukia kwa mauaji ya mwaka uliotangulia. Fujo zilipozuka tena, Gandhi alianza kufunga kula tarehe 1 Septemba. Askari polisi wa kaskazini mwa mji, Wazungu wakiwamo, walifunga naye siku nzima huku wakiendelea na zamu zao. Tarehe 4 Septemba vijana wa magenge walikuja kuzisalimisha silaha zao mbele yake, na mji ukatulia. Gavana Mkuu Mountbatten alikiri kwamba mzee mmoja amefanya Bengal kile ambacho jeshi zima halikuweza Punjab.

Kutoka huko alikwenda Delhi, ambako Waislamu walikuwa wakifukuzwa na misikiti yao kutwaliwa. Tarehe 13 Januari 1948 alifunga kula kwa mara ya mwisho. Alitaka misikiti irudishwe, Waislamu watembee kwa usalama, na katika siku hizo serikali ya India ikakubali kuilipa Pakistan rupia milioni 550 ilizokuwa imezizuia. Baada ya siku 5 viongozi wa jumuiya zote walitia sahihi ahadi ya amani, naye akafungulia kwa maji ya machungwa kutoka mkononi mwa Maulana Abul Kalam Azad. Siku mbili baadaye bomu lililipuka penye mkutano wake wa sala. Polisi walitaka kuwapekua wanaoingia, yeye akakataa. Jioni ya tarehe 30 Januari 1948 Nathuram Godse alimkaribia na kumpiga risasi tatu. Godse hakuwa Mwislamu. Alikuwa Mhindu, aliyeona kwamba Gandhi amewapendelea Waislamu kupita kiasi.

Ugomvi wa India ulivuka bahari ukafika kwetu. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 viti vya Waasia katika Baraza la Kutunga Sheria la Kenya viligawanywa kati ya Waislamu na wasio Waislamu, na wafanyabiashara waliouziana nguo na viungo miaka mingi wakajikuta katika orodha mbili. Lakini majivu ya Gandhi nayo yalifika. Mwaka 1948 sehemu yake ilimwagwa katika mto Nile pale Jinja, Uganda. Vijito vya Bugendana huingia Ruvubu, Ruvubu huingia Kagera, Kagera huingia Ziwa Viktoria, na ziwa hutoa maji yake kupitia Jinja.

Bugendana yenyewe ina wafu wake. Tarehe 20 Julai 1996 watu zaidi ya 300 waliokuwa wamekimbilia kambi ya wakimbizi wa ndani mahali hapo waliuawa, wengi wao wanawake na watoto. Ugomvi wa Burundi haukuwa wa Waislamu na Wahindu, wala haukuwa wa dini. Waliouana mara nyingi walikuwa wamebatizwa katika kanisa moja. Hesabu ya kisasi, hata hivyo, ilikuwa ile ile ya Noakhali na Bihar, ambamo mauaji ya mlima huu hutafutiwa malipo katika mlima ule, kwa watu wasiohusika.

Wahenga walisema dawa ya moto ni moto. Gandhi aliishi akiupinga msemo huo, na hatukudai kwamba alishinda, kwa maana nchi yake iligawanyika na yeye akauawa na mtu wa dini yake. Lakini Waislamu wengi wa Calcutta na Delhi walibaki hai kwa sababu Mhindu mmoja alikubali kuchukiwa na Wahindu wenzake. Askari ana bunduki ambayo Gandhi hakuwa nayo. Naye pia ana kabila, dini na wafu wa ukoo wake. Siku atakapopelekwa kuwalinda watu ambao wazee wao waliwakosea wazee wake, hapo ndipo itakapojulikana kama sare aliyoivaa ni ya taifa au ni ya upande mmoja.