Atiman, tabibu wa Karema aliyetoka utumwani

Adrian Atiman alizaliwa kando ya mto Niger, akatekwa utotoni na kuuzwa kupitia jangwa la Sahara, hadi Mapadre Weupe walipomkomboa huko Algeria. Kardinali Lavigerie alimpeleka Malta kusomea utabibu kuanzia mwaka 1881. Elimu hiyo, iliyopatikana katika kisiwa kilichotawaliwa na Waingereza, ilivuka nyanda za kati kwa msafara na kufika Karema, ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, mwaka 1889.

Huko alitibu chini ya utawala wa Wajerumani, kisha wa Waingereza. Wagonjwa wengi, kwa hakika, hawakuwa na tabibu mwingine wa kumkimbilia. Mwanawe, Joseph, alipata upadri. Atiman alifariki dunia Karema mwaka 1956.