Jim Reeves na Krismasi yetu

Jana kwenye matatu ya Likoni nimemsikia tena Jim Reeves, abiria wawili wakiimba naye. Mtu huyu wa Texas, aliyezaliwa 1923, alitaka kuwa mchezaji wa besiboli. Jeraha likamkatiza, akaingia utangazaji wa redio. Baadaye katika kuimba aliacha kupaza sauti, akasogelea maikrofoni na kuimba taratibu kama anayekunong'oneza; nadhani ndiyo maana mama zetu walimpenda. Albamu yake ya Krismasi, Twelve Songs of Christmas, ilitoka 1963. Aliisherehekea nayo mara moja tu. Julai 31, 1964, ndege ndogo aliyoirusha mwenyewe ilianguka karibu na Nashville kwenye dhoruba. Alikuwa na miaka 40. Marehemu baba alidhani bado yu hai. Sikuwahi kumwambia.