Swynnerton: Afisa aliyemfungulia mkulima mdogo shamba la chai

JINA la Roger Swynnerton hukaririwa na wanafunzi wa historia katika shule za upili nchini Kenya, lakini wengi hulijua kama jina la mpango, si la mtu. Hata hivyo, ni vigumu kueleza jinsi mkulima mwenye ekari moja ya majanichai huko Bureti au Konoin alivyopata ruhusa ya kupanda zao hilo bila kueleza maisha ya afisa huyu wa kilimo.

Roger John Massy Swynnerton alizaliwa Januari 1911 katika Rhodesia Kusini, ambayo leo ni Zimbabwe. Baba yake, Charles Swynnerton, alikuwa mtaalamu wa viumbe aliyeongoza utafiti wa mbung'o nchini Tanganyika hadi alipofariki katika ajali ya ndege mwaka 1938. Mwana alisomea Cambridge, Uingereza, kisha akaenda Trinidad, kwenye chuo cha kilimo cha nchi za joto kilichowaandaa maafisa wa makoloni.

Mwaka 1934 aliajiriwa na serikali ya Tanganyika. Ni huko, chini ya Mlima Kilimanjaro, alikoona jambo ambalo baadaye lingeigusa Kenya. Wachaga walilima kahawa katika vihamba vyao, katikati ya migomba, wakaiuza kupitia chama chao wenyewe. Chama cha kwanza kiliundwa mwaka 1925, na mwaka 1933 nafasi yake ikachukuliwa na muungano wa vyama vya ushirika wa KNCU. Mwaka 1948 Swynnerton na meneja wa muungano huo, A.L.B. Bennett, walitoa kitabu kuhusu kahawa hiyo.

Upande wa pili wa mpaka mambo yalikuwa tofauti. Nchini Kenya, walowezi walipinga Mwafrika kulima kahawa, wakidai kwamba mashamba yake yangeeneza magonjwa na kwamba wezi wangepata mahali pa kuficha kahawa ya wizi. Sababu nyingine haikuhitaji kutajwa: Mwafrika mwenye zao la kuuza hangekubali kwa urahisi kuwa kibarua. Katika miaka ya 1930 serikali iliruhusu majaribio madogo tu, hasa Kisii na Meru.

Kwa upande wa chai, mlango ulikuwa umefungwa zaidi. Zao hilo lilipandwa Limuru mwaka 1903, na katikati ya miaka ya 1920 kampuni za Brooke Bond na James Finlay zikaanza kilimo kikubwa Kericho, katika ardhi ambayo Wakipsigis huihesabu kuwa ya mababu zao. Mwaka 1934 serikali ilipitisha sheria ya kuuhamisha ukoo wa Talai, ukoo wa viongozi wa kiroho wa jamii hiyo, hadi Gwassi karibu na Ziwa Victoria. Wenyeji waliobaki waliijua chai kwa kuichuma, si kwa kuimiliki.

Swynnerton alihamia Kenya mwaka 1951 akiwa msaidizi wa mkurugenzi wa kilimo. Oktoba 1952 serikali ilitangaza hali ya hatari kufuatia vita vya Mau Mau. Wakati jeshi likipigana msituni, yeye alitakiwa kuandaa mpango wa kuinua kilimo cha Mwafrika. Aliukamilisha mwishoni mwa 1953, na ulipochapishwa mwaka 1954 Uingereza ikautengea pauni milioni 5.

Mpango ulikuwa na nguzo tatu. Vipande vya ardhi vilivyotawanyika vingeunganishwa na kila mwenye shamba apewe hatimiliki. Mkulima angeruhusiwa kupanda kahawa, chai na pareto, na kufuga ng'ombe wa gredi. Maafisa wa kilimo nao wangeongezwa ili wamwelekeze. Lengo lilikuwa kuziwezesha familia 600,000 kupata pauni 100 kwa mwaka baada ya kujilisha, badala ya pauni 10.

Siasa yake haikufichwa. Mwenye hatimiliki na zao la kuuza alitarajiwa kuwa raia mtulivu asiyeunga mkono uasi. Mpango ulikiri wazi kwamba wenye uwezo wangejipatia ardhi zaidi, huku wengine wakibaki bila chochote. Katika eneo la Kati, ardhi iligawanywa wakati maelfu ya watu walikuwa vizuizini, na baadhi yao waliporudi walikuta mashamba yamesajiliwa kwa majina ya wengine. Kuhusu nyanda za juu walizochukua walowezi na kampuni, mpango haukuzigusa.

Miongoni mwa Wakipsigis, uzio wa shamba la mtu binafsi haukuwa jambo geni. Wengi walikuwa wameanza kuzungushia mashamba yao ua kwa hiari tangu kabla ya mpango huo, ili walime mahindi. Walichokosa ni zao lenye bei nzuri. Ugumu ulikuwa kwamba chai si kama mahindi. Jani likishachumwa lazima lifike kiwandani siku hiyo hiyo, vinginevyo huharibika. Mkulima wa ekari moja hawezi kujenga kiwanda wala barabara.

Jibu lilikuwa kuwaunganisha wakulima wadogo chini ya taasisi moja. Mwaka 1960 iliundwa mamlaka maalumu ya mazao hayo, na mwaka 1964, baada ya uhuru, ikarithiwa na KTDA. Taasisi hiyo ilitoa miche, ikakusanya majani kwenye vituo, na kumlipa mkulima kila mwezi na bonasi mwishoni mwa mwaka. Miongoni mwa waliotoa mikopo ni shirika la maendeleo la Uingereza, CDC, ambalo Swynnerton alilitumikia kama mshauri wa kilimo baada ya kuondoka Kenya.

Manufaa hayakufika kila mahali kwa namna moja. Siongiroi, katika eneo la Chepalungu ambako nchi huteremka kutoka vilima vya chai vya Bomet, hutegemea zaidi mahindi na maziwa. Huko nguzo iliyozaa matunda ni ile ya ng'ombe wa gredi.

Swynnerton alipewa hadhi ya Sir na malkia wa Uingereza, akafariki mwishoni mwa mwaka 2000 akiwa na umri wa miaka 89. Mwaka huo huo KTDA ilibinafsishwa, ikawa kampuni ya wakulima wenyewe, ambao leo ni zaidi ya 600,000. Chai yao imesomesha watoto na kujenga nyumba za mawe katika vijiji ambavyo zamani vilitoa vibarua tu.

Swali ambalo mpango wake uliliepuka halikuzikwa naye. Mwaka 2022 wawakilishi wa Watalai na Wakipsigis waliwasilisha kesi dhidi ya Uingereza katika Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu mjini Strasbourg, wakidai haki kwa ardhi waliyofukuzwa. Sehemu kubwa ya ardhi hiyo ingali imefunikwa na chai.