Kabla hujapaka hiyo Massey rangi nyekundu, mjue Harry Ferguson

Ukishuka stage ya Tassia ukaingia ndani, ukipita vibanda vya mutura na maduka ya M-Pesa, kuna ploti moja ya ghorofa sita ambayo sehemu yake ya kuegesha magari haina gari hata moja. Ina trekta. Ndogo, kuukuu, imeinuliwa juu ya mawe ya kujengea, magurudumu ya nyuma yameegemezwa ukutani. Mwenye ploti ni mzee aliyestaafu. Aliitoa kwenye shamba la zamani huko Bonde la Ufa, akaipakia lori mpaka hapa, na kila Jumamosi anaihangaikia pamoja na fundi wa jua kali. Mimi naishi ghorofa ya tatu. Nilianza kwa kuchungulia dirishani, nikashuka kutazama, na siku hizi nikionekana uwanjani napewa msasa bila kuulizwa.

Sasa shida ikawa rangi. Fundi alikuwa ameshanunua kopo la nyekundu, maana Massey ni nyekundu, nani hajui? Lakini tulipoikwaruza boneti kwa brashi ya waya, chini ya nyekundu kukatokea kijivu. Fundi akashikilia kwamba hiyo ni rangi ya msingi tu. Mzee akasema hapana, ile nyekundu ilipakwa baadaye. Wakabishana hadi saa ya chai. Nilichofanya mimi ni kusugua kile kibati kidogo cha namba, na herufi tatu za kwanza zikasomeka vizuri: TEA. Nikarudi kwa keja, nikawasha simu, na usiku huo sikulala mapema. Niliyoyapata ni maisha ya jamaa mmoja anayeitwa Harry Ferguson. Kaa chini nikusimulie.

Harry alizaliwa tarehe 4 Novemba 1884 pahali panapoitwa Growell, karibu na Dromore, kaskazini mwa Ireland. Baba yake alikuwa mkulima, mtu wa dini kali, na nyumba ilijaa watoto. Shule aliiacha akiwa na miaka 14 akaingizwa shambani, na shamba hakulipenda hata kidogo. Fikiria kijana mwembamba, mfupi, anayevaa miwani, anafuata farasi na jembe kwenye matope ya Ireland asubuhi baridi ikiuma. Kufikia 1902 alikuwa amechoka na yuko tayari kuhamia Canada. Kaka yake Joe, aliyekuwa na gereji ya baiskeli na magari jijini Belfast, ndiye aliyemshika akamfundisha kazi. Kwa hivyo ukisikia mtu akisema hakuna kitu kinatoka gereji, muulize anamjua Ferguson.

Kilichomwasha hasa hakikuwa trekta. Ilikuwa ndege. Ndugu wawili wa Marekani, akina Wright, walikuwa wamepaa 1903, na Harry akaona naye anaweza. Akaunda yake, akaipasua, akairekebisha, na tarehe 31 Desemba 1909 huko Hillsborough akapaa kiasi cha mita 120. Hiyo ni kama kutoka lango la ploti yetu hadi kwa mama mboga wa kona. Lakini kabla ya siku hiyo hakuna mtu aliyekuwa amerusha ndege Ireland. Mwaka uliofuata alipaa karibu maili tatu ufuoni Newcastle akashinda zawadi ya pauni 100. Kisha mapenzi ya ndege yakapoa. Mwaka 1911 alifungua biashara yake ya magari, na 1913 akaoa.

Trekta ilimpata kupitia vita. Mwaka 1917, Vita vya Kwanza vya Dunia vikiendelea na chakula kikiwa haba, bodi ya kilimo ya Ireland ilimwomba azunguke awaonyeshe wakulima namna ya kutumia trekta vizuri. Alizunguka na fundi wake, Willie Sands, na msee huyu Sands nakuomba usimsahau, maana mawazo mengi ya Ferguson yalipita mikononi mwake kabla ya kuwa chuma. Walichokiona mashambani kiliwaudhi. Trekta za wakati ule zilivuta jembe kama punda anavyovuta mkokoteni: chuma kizito mbele, chuma kingine nyuma, mnyororo katikati. Jembe likigonga jiwe au kisiki, nyuma ikazuilika huku injini ikiendelea kusukuma, pua ya trekta iliinuka juu. Ikiinuka sana, ilipinduka kinyumenyume ikamlalia dereva. Watu walikufa hivyo. Na ili zisiteleze, watengenezaji waliziongezea uzito, zikawa zinakandamiza udongo mpaka unakuwa kama lami.

Jibu la Ferguson lilimchukua miaka mingi, na likielezwa linaonekana rahisi hadi unakasirika. Usivute jembe. Lifunge kwenye trekta viwe kitu kimoja. Mikono miwili chini, mmoja juu katikati, pointi tatu. Jembe likikutana na udongo mgumu, nguvu inayolizuia inausukuma ule mkono wa juu kuelekea mbele, na pua ya trekta inabaki chini badala ya kuinuka. Wakati huo huo uzito unaongezeka kwenye magurudumu ya nyuma, pale pale unapohitajika. Mkono wa juu pia unagusa vali ya mafuta, na haidroliki inalipandisha jembe kidogo mpaka mzigo upungue. Hati miliki ya mfumo huo aliipata 1926. Kwa sababu hiyo trekta nyepesi iliweza kufanya kazi ya trekta nzito, na mkulima mwenye shamba dogo akaanza kuhesabika.

Mwaka 1933 wakaunda ya kwanza ya kwao kabisa. Waliipaka nyeusi, na leo iko kwenye hifadhi ya Makumbusho ya Sayansi, London. Mwaka 1936 wakaanza kuuza nyingine kwa ushirikiano na David Brown, lakini zilinunuliwa chache na washirika wakakosana. Kukosana, nitakuambia ukweli, ni jambo ambalo Ferguson alilifanya mara nyingi. Alikuwa mtu wa usafi uliopitiliza, wa kukagua kila nati, wa kuamini kwamba yuko sawa hadi umpe mkono au uondoke. Singependa awe bosi wangu.

Oktoba 1938 alibeba trekta yake hadi Marekani, kwa Henry Ford mwenyewe. Ford alikuwa tajiri aliyetoka shambani kama yeye, na alikuwa amejaribu miaka mingi kupata trekta inayomridhisha. Walikaa nje, mezani, Ferguson akamwonyesha namna mfumo unavyofanya kazi kwa kutumia kitrekta cha kuchezea. Wakapatana: Ford ataunda, Ferguson atauza. Wakapeana mikono. Hakuna karatasi. Hakuna wakili. Mwaka uliofuata trekta yao, 9N, ikatoka, na hadi 1947 zilikuwa zimeundwa zaidi ya 300,000 za aina hiyo na dada yake 2N.

Unajua inakoelekea, sivyo? Kama umewahi kumfanyia mtu kazi kwa maneno ya mdomo tu hapa Nairobi, unajua. Mimi niliacha chuo mwaka wa pili nikaingia kuchora mabango na nembo, na kazi yangu ya kwanza kubwa nilipatana kwa kupeana mikono nje ya hoteli. Hiyo doo bado naingoja.

Henry Ford mzee alizeeka, akamwachia kampuni mjukuu wake. Mjukuu akapiga hesabu akasema ile biashara ya trekta inawaletea hasara. Mwaka 1947 akavunja mapatano, akaanza kuuza trekta mpya yenye mfumo ule ule wa Ferguson. Ferguson alienda kortini. Aliishtaki kampuni ya Ford akidai dola milioni 340 mwishowe, na kesi ikala miaka minne. Aprili 1952 walimaliza nje ya hukumu kwa dola milioni 9.25. Ukilinganisha na alichodai ni kidogo, na sehemu ya hati zake ilikuwa imeshapitwa na wakati. Lakini Ford ilikubali kuacha baadhi ya mbinu zake, na msee mmoja wa gereji alikuwa ameilipisha mojawapo ya kampuni kubwa duniani. Mimi kila nikiisoma sehemu hii nasimama. Yule mzee aliaminiwa kwa mkono, na mkono ule haukurithiwa.

Sasa turudi kwa ile iliyo uwanjani kwetu. Kesi ilipokuwa bado haijaanza, Ferguson alikuwa tayari na mpango Uingereza. Kampuni ya Standard ilikuwa na kiwanda kikubwa Coventry, Banner Lane, kilichojengwa wakati wa vita. Kuanzia 1946 wakaunda humo TE20: TE kumaanisha trekta ya Uingereza. Hadi 1956 zilitoka zaidi ya 500,000, zikasambaa hadi Kenya ya walowezi. Hiyo A ya kwenye kibati chetu inamaanisha injini ya petroli iliyoundwa na Standard wenyewe. D ingekuwa ya mafuta mazito yanayokaribiana na mafuta ya taa, F ya dizeli. Na rangi yake ya kiwandani ilikuwa kijivu.

Ukiona ya kwako, jaribu kitu hiki: usitafute kitufe cha kuwasha. Unawasha kwa gea. Kijiti kinasukumwa mahali pake maalumu, kwa hivyo haiwezekani kuiwasha ikiwa ndani ya gea ikakurukia. Nati za kurekebisha vifaa zilitengenezwa kwa saizi mbili tu, na spana iliyokuja nayo ilikuwa na alama za inchi pembeni ili upimie kina cha jembe. Fundi wetu alipoelewa hilo alinyamaza kwa muda, na yeye si mtu wa kunyamaza.

Mwaka 1953 Ferguson aliungana na Massey-Harris ya Canada. Walitofautiana dola milioni moja kwenye bei, wakarusha sarafu. Ferguson akashindwa. Mwaka uliofuata alijiuzulu. Nyekundu ilikuja 1957, baada yake, kwenye MF35, na hiyo ndiyo baba zetu waliizoea kuanzia Kitale hadi Narok.

Miaka yake ya mwisho aliitumia kwa magari yanayoendeshwa na magurudumu yote manne. Usingizi ulimkataa, huzuni ikamwandama kwa miaka. Alifariki nyumbani kwake Abbotswood, Uingereza, tarehe 25 Oktoba 1960, kwa dawa za usingizi zilizozidi kipimo, na uchunguzi haukuamua kama ilikuwa ajali. Hakuiona gari yake, Ferguson P99, ikishinda mashindano ya Oulton Park 1961, Stirling Moss akiwa kwenye usukani. Wala hakusahau, naamini, zile trekta zake tatu zilizomfikisha Edmund Hillary Ncha ya Kusini Januari 1958.

Jumamosi iliyopita tulimaliza kusugua. Tulitumia msasa wa maji, kwa sababu rangi za zamani huwa na risasi na vumbi lake si la kuvuta, hasa uwanja ukiwa na watoto wa ploti nzima. Tulifuta grisi kwa thina, fundi akapuliza rangi ya msingi, kisha akachanganya kijivu mara tatu akikilinganisha na kipande kidogo tulichokiacha chini ya tangi bila kukigusa. Mara ya tatu mzee aliinama, akatazama, akatikisa kichwa kukubali. Kompresa ikawashwa. Lile kopo la nyekundu fundi amelihifadhi chini ya ngazi. Anasema geti la ploti linahitaji rangi.