Habari za Kanoni Apolo Kivebulaya wa Mboga

Katika kijitabu hiki cha Jubilei tumeandika majina mengi ya watu waliotutangulia, na wengi wao hawajulikani nje ya mitaa yao. Huyu tumwelezaye sasa anajulikana sana. Siku ya kufa kwake, tarehe 30 Mei, imetiwa katika kalenda ya Kanisa, hata huko Uingereza. Walakini tumeona ya kuwa walimu wengi hushika habari moja tu ya maisha yake, nayo ni ile ya mwisho, namna alivyotaka kuzikwa. Nao huisimulia upesi kama jambo la ajabu, kisha huendelea na somo lingine. Hiyo ya mwisho haifahamiki vema kwa mtu asiyejua zilizotangulia. Basi na tuzieleze.

Alizaliwa yapata mwaka 1864 katika Singo, nchi ya Buganda, naye alikuwa pacha. Kwa desturi ya Waganda mtoto wa kiume atanguliaye kuzaliwa katika pacha huitwa Waswa, na mwenziwe huitwa Kato. Hivyo jina lake la kwanza lilikuwa Waswa. Ujana wake haukuwa ujana wa mtakatifu. Kwa muda aliifuata dini ya Kiislamu, kisha akasikia mafundisho ya Alexander Mackay, mmisionari fundi. Akawa askari katika vita vya dini vilivyoiharibu Buganda tangu mwaka 1888. Akanywa pombe, akavuta bangi. Twayataja haya bila haya, maana wako wazazi katika mitaa yetu waliokwisha kukata tamaa juu ya vijana wao.

Siku zile kumfuata Kristo katika Buganda kulikuwa jambo la kufa na kupona. Mwaka 1885 na 1886 Kabaka Mwanga aliwaua vijana wa nyumba yake, Wakatoliki na Waanglikana pamoja, na wengi wao walichomwa moto Namugongo tarehe 3 Juni 1886. Waswa hakuwa mmoja wao. Yeye alichelewa sana kuja, akabatizwa mwezi wa Januari mwaka 1895 kwa jina la Apolo, akiwa mtu mzima wa miaka thelathini hivi. Mkewe alikuwa amekwisha kufa, naye hakuoa tena mpaka mwisho wa maisha yake. Na jina la Kivebulaya watu walimpachika kwa sababu ya koti la kizungu alilolivaa juu ya kanzu yake. Maana yake ni kitu kitokacho Bulaya, na msomaji wa Kiswahili hahitaji kuambiwa kwamba Bulaya ndiyo Ulaya. Jina la mzaha likadumu kuliko jina la kuzaliwa.

Mwaka ule ule wa ubatizo wake walitakiwa walimu wa kwenda Toro, magharibi, chini ya milima ya Ruwenzori, akaenda. Huko alikuwako Mfalme Kasagama, ambaye alibatizwa mwaka 1896 akaitwa Daudi. Na ng'ambo ya milima, ukishuka katika bonde la joto, ukivuka mto Semliki wenye mamba, ukapanda tena ukuta wa vilima upande wa pili, palikuwa na nchi ya Mboga, ambayo siku hizi huandikwa Boga. Watu wake walikuwa Wahema wafugao ng'ombe, na mkuu wao alikuwa Tabaro. Nyuma yao ulianza msitu mkubwa wa Ituri, unaoendelea kuelekea magharibi safari ya siku nyingi.

Walimu wawili Waganda walikuwa wametangulia kufika kwa Tabaro. Walinyimwa chakula hata njaa ikawashinda, wakarudi. Mwisho wa mwaka 1896 Apolo akaenda.

Twaomba msomaji asimhukumu Tabaro upesi. Waganda wale walikuwa wageni, nao walikuja nyuma ya bunduki: mwaka 1891 Kapteni Lugard alipita nchi zile na jeshi lake, akamrudisha Kasagama katika enzi ya Toro, akajenga ngome. Mkuu wa nchi ndogo, akimwona mgeni ajaye kutoka upande wa ngome na kuwafundisha watu wake waache pombe na wake wengi, alikuwa na sababu ya kuogopa. Akawakataza watu wasimpe Apolo chakula wala wasimwuzie. Apolo akashika jembe akalima shamba lake mwenyewe. Watu wachache wakaanza kuja kusoma. Ndipo Tabaro akaamuru apigwe, na nyumba ya sala ikatiwa moto.

Kisha likatokea jambo lililokuwa zito kuliko fimbo. Mwaka 1898 watu walikuwa wakichukua matete kwa ajili ya kumjengea Apolo nyumba, na dada yake Tabaro alikuwa pamoja nao. Mkuki ulikuwa umefichika katika matete. Yule mwanamke akaanguka juu yake, akafa. Hapana mtu aliyekusudia neno hili. Lakini Tabaro alikuwa na msiba mkubwa, na mtu wa kulaumiwa alikuwa karibu. Apolo akashtakiwa kwa kuua, akafungwa, akapelekwa Toro kwa maofisa wa Kiingereza, akavuka tena Semliki, safari hii kama mfungwa, akatiwa gerezani.

Hapa na tusimame kidogo. Mtu huweza kuvumilia fimbo akijua kwamba amepigwa kwa ajili ya Bwana wake. Lakini Apolo sasa alishtakiwa damu ya mwanamke aliyekuja kumsaidia, mbele ya watu aliokuja kuwafundisha. Hakuwa na sifa ya shahidi. Alikuwa na fedheha ya mwuaji. Hata Wakristo wa Toro walimwona akipita amefungwa. Walimu wetu wengi wamewahi kuonja kidogo ya jambo hili, kusemwa vibaya kwa neno wasilolitenda, nao wanajua ya kuwa huo ndio uchungu unaomfanya mtu aiache kazi.

Katika siku hizo za taabu Apolo aliota, na ndoto hiyo aliisimulia maisha yake yote. Alimwona Bwana Yesu aking'aa kama jua, akamwambia ajipe moyo, kwa kuwa yu pamoja naye. Hatutaongeza maelezo juu ya ndoto hiyo. Kilichofuata chatosha: ushahidi haukupatikana, akafunguliwa, na alipofunguliwa akarudi Mboga. Angaliweza kupewa mtaa mwingine, penye amani na ndizi za kutosha, na hapana mtu angalimlaumu. Alirudi kwa Tabaro yule yule. Na baada ya muda Tabaro mwenyewe akaomba mafundisho, akabatizwa, akaitwa Paulo. Yule aliyeamuru fimbo akawa msaada wa Kanisa katika nchi yake.

Wako wanaoeleza habari hizi kana kwamba mateso yenyewe ni mema, na kwamba kadiri mtu anavyoumia ndivyo anavyompendeza Mungu. Sisi hatukubali. Usiku wa kuamkia tarehe 31 Mei 2021, yaani usiku wa siku ile ile ya ukumbusho wa Apolo, watu wenye silaha waliingia Boga na Tchabi iliyo jirani, wakaua watu zaidi ya 50. Nani atasimama mbele ya wafiwa wale na kuwaambia kwamba ni vema? Apolo hakuyatafuta mateso. Aliponyimwa chakula alilima. Nyumba ilipoteketea alijenga nyingine. Alipougua alikwenda hospitali. Yeye aliwatafuta watu wa Mboga, na mateso aliyakuta njiani. Laiti angalivuka Semliki pasipo kuumia, twaamini angaliona furaha, na kazi yake isingalipungua thamani hata kidogo. Lakini kwa kuwa njia ya kuwafikia watu wale ilikuwa ni hiyo, aliipita, akaipita tena.

Akapewa ushemasi mwezi wa Desemba mwaka 1900, na ukasisi mwaka 1903, kwa mikono ya Askofu Tucker. Miaka mingi baada ya hapo alifanya kazi katika vijiji vya Toro, maana Kanisa lilimhitaji huko, na mpaka wa Waingereza na Wabelgiji ulikuwa ukibishaniwa. Mwisho Mboga ikahesabiwa kuwa nchi ya Kongo. Mwaka 1915 akarudi kukaa huko. Alikuwa sasa na miaka hamsini, umri ambao wengi huomba mtaa ulio karibu na kwao. Yeye akauacha utawala aliouzoea, akawa mgeni chini ya bendera nyingine.

Tangu mwaka 1921 akaanza kuingia msituni kwa Wambuti, watu wafupi wa kimo ambao wasafiri wa pwani waliwaita Mbilikimo. Jirani zao waliwadharau, wengine wakiwahesabu karibu sawa na wanyama. Apolo aliwaendea kwa miguu, akakaa nao, akajifunza maneno yao, akawafundisha kusoma. Na Injili ya Marko ikatafsiriwa kwa lugha yao. Wasomaji walio walimu wajua kazi hiyo ilivyo: watu wenyewe huhama kufuata mawindo, na darasa la mwezi huu halipo mahali pake mwezi ujao. Mwaka 1922 akafanywa Kanoni wa Namirembe. Cheo hicho kilikuwa heshima kubwa kwa kasisi Mwafrika wa siku zile, walakini hakikumtoa msituni.

Mwaka 1933 moyo wake ukadhoofika. Alipelekwa Mengo, katika Buganda, akatibiwa katika hospitali ya misheni. Huko alikuwa kwao: lugha ya mama yake, jamaa zake, kanisa kuu la Namirembe juu ya kilima, na wakristo wengi ambao wangalimzika kwa heshima. Alipofahamu ya kuwa hatapona, akaomba arudishwe Mboga. Si jambo dogo kwa mgonjwa wa moyo kuisafiri njia ile. Hakwenda kutafuta uponyaji. Alikwenda kufa mahali pa kazi yake. Akafika, akaagana na watu wake, na tarehe 30 Mei 1933 akafa.

Kabla ya kufa aliwapa agizo. Desturi ilikuwa kumlaza maiti kichwa chake kikielekea mashariki, na kwake Apolo mashariki palikuwa pia upande wa kwao, Toro na Buganda. Yeye akataka kichwa chake kielekezwe magharibi, upande wa msitu, kwa kuwa huko Injili ilikuwa haijafika, naye hakuimaliza safari.

Tukisoma Kitabu cha Mwanzo twamwona Yusufu akiwaapisha ndugu zake waichukue mifupa yake kutoka Misri waende nayo katika nchi ya baba zao. Hiyo ni imani, na Waraka kwa Waebrania waisifu. Apolo alikuwa na imani ile ile, ila yeye aliugeuza mwili wake mbali na nchi ya baba zake. Twaona pia ya kwamba agizo hili halikuwa la mtu anayehesabu ushindi wake. Wambuti waliobatizwa walikuwa wachache sana. Msitu ulikuwa bado mbele. Mtu mwingine angaliweza kufa kwa huzuni kwa sababu ya kazi isiyokwisha. Yeye alikufa akiwaonyesha wenzake mahali pa kuanzia, na hofu ya mauti haikuonekana katika maneno yake ya mwisho, bali shughuli, kama baba anayewapa watoto habari za shamba kabla ya kusafiri.

Wakristo wa Mboga wakamzika hivyo, kichwa magharibi. Walimu aliowafundisha wakaendelea na kazi, wengine wakiwa hawana mshahara wa kutajwa. Mwaka 1972 Boga ikapewa askofu wake, wa kwanza wa Kianglikana katika nchi ile, wakati huo ikiitwa Zaire. Na mwaka 1980 ikaanzishwa dayosisi ya Kisangani, mji ulio ng'ambo ya msitu, magharibi mwa kaburi lile.