UKIONA VYAELEA VIMEUNDWA: MAISHA YA OBERKAMPF, MTIA RANGI WA JOUY

Wahenga walinena kwamba ukiona vyaelea, vimeundwa. Nami nimeitwaa methali hii niwasimulie, walimu wangu wapendwa na wanafunzi wenzangu, maisha ya mtu ambaye huenda hatujawahi kumtaja hata siku moja hapa shuleni, ingawa kule Paris jina lake limepewa barabara na kituo cha gari-moshi la chini ya ardhi. Mtu huyo ni Christophe-Philippe Oberkampf. Kazi yake ilikuwa kupiga chapa maua kwenye vitambaa vya pamba. Najua kuna atakayeuliza, sasa hilo nalo ni jambo la kuandikia makala? Subira huvuta heri, msomaji mpenzi. Nifuate polepole.

Kabla sijamleta Oberkampf mbele yenu ni sharti tupitie India, kwa maana bila India mtu huyu hana hadithi.

Kwa karne nyingi mafundi wa India walijua jambo ambalo Wazungu hawakulijua, yaani jinsi ya kuipa pamba rangi isiyotoka. Pamba ni kaidi. Ukiipaka rangi nyekundu hivi hivi, siku ya kwanza ya kufua yote huishia kwenye karai. Mafundi wa pwani ya Coromandel, kusini-mashariki mwa India, walikiloweka kitambaa katika maziwa ya nyati wa kufugwa yaliyochanganywa na matunda yenye ukakasi. Kisha walichora kwa kalamu ya mwanzi. Palipotakiwa wekundu walipaka shabu, na palipotakiwa weusi wakapaka maji ya chuma kilicholiwa na kutu. Halafu kitambaa kizima kilichemshwa pamoja na mizizi ya rangi. Rangi ilishika pale tu palipopakwa dawa. Kwingine kote ilitoka kwa kufuliwa na kuanikwa juani. Kama walitaka buluu, walifunika kwa nta sehemu zote zisizotakiwa, wakakitumbukiza kitambaa katika nili. Kitambaa kimoja kizuri kilichukua wiki nyingi. Jamani, hiyo ni kemia tupu, na ilifanywa na watu ambao hawakuwa na maabara kama yetu!

Wenzao wa Gujarat, upande wa magharibi, walitumia zaidi chapa za mbao. Nguo za Wahindi zilisafiri kila upande: Misri, Uajemi, Siam, visiwa vya Indonesia, na hapa kwetu pwani pia. Vasco da Gama alipofika Malindi mwaka wa 1498 alizikuta meli za Wahindi zimetia nanga. Katika karne ya 17 makampuni ya Waholanzi, Waingereza na Wafaransa yakaanza kuzipeleka Ulaya kwa wingi. Watu wa kule walikuwa wamezoea sufu nzito na kitani. Hariri ilikuwa ya matajiri. Sasa wakaona nguo nyepesi, yenye maua ya kupendeza, inayofulika na isiyochujuka. Lo! Walipatwa na wazimu. Wake kwa waume walizigombania. Mpaka leo neno kaliko linatukumbusha bandari ya Calicut, na wazee wa pwani walipoita kitambaa cha maua chiti walikuwa wakitumia neno la Wahindi wenyewe.

Mkuki kwa nguruwe mtamu. Wafumaji wa sufu na hariri wa Ulaya walipoona biashara yao inakufa, walipiga kelele. Mwaka wa 1686 mfalme wa Ufaransa alipiga marufuku nguo za India na hata zile zilizoigwa nchini mwake. Uingereza ilizuia nyingi ya nguo hizo zisiingizwe kutoka mwaka wa 1701, na sheria ya mwaka wa 1721 ikakataza hata kuzivaa. Mjini London mwaka wa 1719 wafumaji wenye hasira waliwavamia wanawake njiani na kuwararulia kaliko zao mwilini. Je, marufuku hayo yalifaulu? Hata kidogo. Nchini Ufaransa nguo ziliendelea kuingia kwa magendo, na mabibi wa jumba la mfalme ndio waliokuwa wa kwanza kuzivaa. Sisi tunaobishana kila mwaka katika mdahalo kuhusu mitumba tungefaa kuikumbuka habari hii.

Huo ndio ulimwengu aliozaliwa Oberkampf. Alizaliwa mwezi wa Juni mwaka wa 1738 katika kijiji cha Wiesenbach, nchi ya Wajerumani. Baba yake alikuwa mtia rangi, mtu wa kuhangaika, aliyezunguka na jamaa yake akitafuta kazi na kujaribu rangi mpya, hata wakafanya makao Aarau nchini Uswisi. Mtoto alijifunza kwa baba yake tangu angali mdogo. Mtoto wa nyoka ni nyoka, lakini huyu alikuwa na sumu kumzidi baba! Alijua kuchonga chapa, kuchanganya rangi na kuipiga kitambaani. Baadaye alienda Mulhouse, mji ambao wakati huo haukuwa chini ya mfalme wa Ufaransa na kwa hiyo ulikuwa huru kupiga chapa nguo. Hapo alifanya kazi ya kuchonga. Mwaka wa 1758 akashika njia ya Paris, kijana wa miaka 20, mgeni, Mprotestanti katika nchi ya Kikatoliki, na Kifaransa chake cha kuokoteza.

Bahati ikamwangukia. Mwaka wa 1759 marufuku yaliondolewa, baada ya miaka 73. Kila mwenye fedha alitaka kuanzisha kiwanda, lakini wenye ufundi walikuwa wachache, na Oberkampf alikuwa mmoja wao. Aliungana na mshirika, wakakodi nyumba ndogo katika kijiji cha Jouy-en-Josas, karibu na Versailles. Aliipenda Jouy kwa sababu ya mto Bièvre, maana kazi ile bila maji ya kufulia na majani ya kuanikia haiwezekani. Tarehe 1 Mei 1760 alipiga chapa kitambaa chake cha kwanza. Alikuwa hajatimiza miaka 22. Alichora mwenyewe, akachonga mwenyewe, akapiga chapa na kutia rangi mwenyewe, na inasimuliwa kwamba nyumba ilikuwa ndogo hata usiku alilala juu ya meza ile ile ya kazi. Achanikaye kwenye mpini hafi njaa.

Mwanzo ulikuwa mgumu. Fedha zilikwisha, na ugomvi wa ushirika ukaingia. Mwaka wa 1762 alimpata mshirika mpya, Sarrasin de Maraise. Hapa wasichana wa shule yetu wafungue masikio: mkewe, Bi. de Maraise, ndiye aliyeshika vitabu vya hesabu na kuandika barua za biashara kwa miaka mingi. Mmoja kwenye rangi, mwingine kwenye hesabu, kiwanda kikasimama. Mwaka wa 1770 Oberkampf alikubaliwa kuwa raia wa Ufaransa, na mwaka huo huo alianza kutumia bamba za shaba ambazo zilichora picha ndogo ndogo kwa ustadi kuliko mbao. Mwaka wa 1783 kiwanda kilipewa cheo cha kiwanda cha kifalme, na mchoraji Jean-Baptiste Huet akaanza kukichorea. Mojawapo ya michoro yake ya kwanza ilionyesha kazi za kiwanda chenyewe: wanaofua mtoni, wanaoanika, wanaopiga chapa. Mwaka wa 1787 Mfalme Louis wa 16 alimpa Oberkampf daraja la ukabaila. Yule kijana wa kulala mezani!

Mapinduzi ya Ufaransa yalipozuka mwaka wa 1789, wengi waliopendwa na mfalme walipotea. Oberkampf hakupotea. Wanakijiji wa Jouy walimchagua kuwa meya wao wa kwanza mwaka wa 1790, na kiwanda kikaendelea. Mwaka wa 1797 alileta mashine ya mche wa shaba unaozunguka, ambayo iliweza kufanya peke yake kazi ya makumi ya watu. Alishirikiana pia na wanasayansi. Mpwa wake Samuel Widmer alisoma kwa mwanakemia Berthollet, na njia mpya ya kung'arisha vitambaa kwa klorini ikatumika pale Jouy. Kufikia mwaka wa 1805 kiwanda kilikuwa na wafanyakazi zaidi ya 1,300. Mwaka wa 1806 Napoleon alikizuru kiwanda, na inasimuliwa kwamba alichomoa nishani kifuani pake mwenyewe akamvika Oberkampf.

Basi, mpaka hapa nilikuwa nimeamua kumsifu tu, niweke nukta, nimalizie kwa kuwahimiza mfanye bidii. Lakini kadiri nilivyoendelea kusoma ndivyo mambo matatu yalivyoninyima raha, nami sitawaficha.

La kwanza ni watoto. Kando ya kila mpiga chapa alisimama mtoto ambaye kazi yake ilikuwa kutandaza rangi kwenye beseni ili chapa iichukue sawasawa. Mchana kutwa, mamia ya mara. Watoto hao hawakuwa darasani kama mimi na wewe.

La pili ni biashara yenyewe ya nguo hizi. Vitambaa vya maua, vya India na vile vya kuigwa Ulaya, vilipakiwa kwenye meli katika bandari kama Nantes, vikapelekwa Afrika Magharibi, na huko vikabadilishwa kwa binadamu waliouzwa utumwani. Nguo nzuri kumbe iliweza kuwa bei ya mtu. Kikulacho ki nguoni mwako.

La tatu ndilo lililonifanya nichague methali niliyoanzia. Oberkampf hakuuvumbua ufundi ule. Hata vitambaa vyeupe alivyopiga chapa, vingi vilitoka India, vikinunuliwa katika minada ya bandari ya Lorient. Na siri za rangi zilifikaje Ulaya? Njia zilikuwa nyingi, lakini moja inajulikana vizuri. Mwaka wa 1742 padre Mfaransa, Coeurdoux, aliyekuwa kusini mwa India, aliandika barua ndefu akieleza hatua moja baada ya nyingine jinsi mafundi wa kule walivyotia rangi. Aliyajua hayo kwa kuwahoji mafundi waliokuwa waumini wake. Barua ikachapishwa, Ulaya ikasoma. Jina la padre limebaki vitabuni. Majina ya mafundi hayakubaki. Waliufungua mlango wa ghala lao kwa mtu waliyemwamini, na baada ya muda nguo za mashine kutoka Uingereza zikaja kuuzwa India kwenyewe kwa bei rahisi, wafumaji na watia rangi wengi wakakosa kazi.

Sisemi kwamba Oberkampf alikuwa mwizi. Aliyejifunza kwa jasho lake hawezi kuitwa mwizi, na ufundi wa binadamu umekuwa ukipokezanwa tangu zamani. Wahindi nao walijifunza mambo kwa Waajemi na kwa wengine. Nisemalo ni kwamba mmoja ana kituo cha gari-moshi na wengine hawana hata kaburi linalojulikana, ilhali wote waliiunda nguo ile ile.

Mwisho wa Oberkampf haukuwa wa furaha. Vita vya Napoleon vilivuruga biashara, pamba ikawa adimu, na mwaka wa 1815, baada ya Napoleon kushindwa, majeshi ya kigeni yaliingia mpaka Jouy. Mashine zilisimama. Mzee alishuhudia watu wake wakikosa mkate, na mwezi wa Oktoba mwaka huo huo akafa, akiwa na umri wa miaka 77. Mwanawe Émile alirithi kazi, lakini ushindani ulikuwa mkali, na mwaka wa 1843 kiwanda kilifungwa kabisa. Leo Jouy ina makumbusho ya vitambaa vile, na jina la kijiji limekuwa jina la nguo duniani kote. Kule India ufundi wa kalamu ya mwanzi haukufa. Katika miji ya Machilipatnam na Srikalahasti bado kuna watu wanaotia rangi kwa shabu, chuma na mizizi.

Nyanya yangu ana leso ya kisutu, nyekundu, nyeusi na nyeupe, aliyovishwa siku ya arusi yake. Imefuliwa miaka na miaka. Leso nazo ni za ukoo huu huu wa pamba ya kupigwa chapa, na za zamani zilipigwa chapa India na Ulaya kabla hazijafika madukani Mombasa. Kila nilipomwona amejifunga leso ile niliona nguo tu. Siku hizi najiuliza ni mikono mingapi imepita pale.

Wenzangu, bidii ya Oberkampf tuiige, hilo halina ubishi. Ila tusiishie hapo. Hapa kwetu wako akina mama wasukao vyondo, wachongaji wa vinyago, na mafundi wa jua kali wanaounda majiko kwa mabati makuukuu. Wageni hununua kazi zao, hupiga picha, huenda zao. Nani anayeandika majina ya waliozifanya? Likizo hii, kila mwanachama wa chama chetu amtafute fundi mmoja kijijini kwake, amuulize jina, kazi yake na aliyemfundisha, ayaandike daftarini na kuyaleta kwa jarida la mwaka ujao. Wino wa shuleni ni rahisi, na ukitumika vizuri, nao hauchujuki.